Tairi, difu na dizeli: Hesabu isiyofanywa karakana

(Haya ni maelezo aliyoyatoa mwandishi mbele ya madereva, mafundi na wenye magari ya mizigo.)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu madereva, ndugu mafundi, na nyinyi wenye magari mliokubali kuacha ofisi zenu mkaja kuketi pamoja na watu mnaowaajiri:

Nimeombwa kuzungumza juu ya matumizi bora ya dizeli. Kwa desturi mazungumzo ya namna hii huishia kwenye mambo matatu: dereva asikanyage mafuta ovyo, injini isiachwe ikiunguruma hali gari limesimama, na matairi yajazwe upepo wa kutosha. Yote hayo ni kweli, nanyi mmekwisha kuyasikia mpaka yamewachosha. Mimi nitasema juu ya jambo ambalo dereva hana uwezo nalo hata akiwa hodari namna gani, kwa sababu huwa limekwisha kuamuliwa kabla hajapanda garini. Jambo hilo ni ukubwa wa tairi la nyuma, na uwiano wa meno yaliyo ndani ya difu.

Dizeli yote tunayoichoma katika nchi yetu huletwa kwa meli na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Kiwanda cha TIPER pale Kigamboni, kilichokuwa kikisafisha mafuta ghafi, kiliacha kazi hiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Bei zilipopanda mwaka 2022, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni ili nauli na bei za vyakula zisimwelemee mwananchi. Fedha hizo zingeweza kujenga shule na zahanati. Kwa hiyo lita inayopotea ndani ya difu ya lori la mtu binafsi haipotei kwake peke yake.

Sasa tuingie ndani ya difu yenyewe. Mna gia mbili za kutazama: pinioni, ambayo ni ndogo na huzungushwa na propela, na krauni, ambayo ni kubwa na ndiyo inayozungusha ekseli. Pinioni ikiwa na meno 12 na krauni ikiwa na meno 41, propela itazunguka mara 3.42 ili gurudumu lizunguke mara moja. Huo ndio uwiano. Ukiwa mkubwa, kama 4.11 (meno 37 kwa 9), gari hupata nguvu ya kuvuta lakini injini hukimbia sana. Ukiwa mdogo, kama 2.85 (meno 37 kwa 13), injini hutulia, lakini uvutaji hupungua. Tuseme ile ya kwanza ni difu ya nguvu na hii ya pili ni difu ya mbio.

Watu wengi hukomea hapo. Husahau kwamba baada ya difu ipo gia nyingine ya mwisho, isiyo na meno, nayo ni tairi. Tairi la 315/80R22.5, ambalo mmelizoea kwenye vichwa vya kuvuta tela, likizunguka mara moja husogeza gari kiasi cha meta 3.28. Lile fupi la 315/70R22.5 husogeza kiasi cha meta 3.09. Lile la zamani la tyubu, 12.00R20, husogeza kiasi cha meta 3.42. Mtu akitoa tairi fupi akaweka refu, amebadili difu bila ya kufungua hata nati moja ya difu. Ajabu ni kwamba huyo huyo angeambiwa abadili krauni na pinioni, angeita mafundi watatu na kufikiri wiki nzima. Lakini tairi hulinunua kwa kutazama bei tu.

Tufanye hesabu moja, na naomba utingo nao waifuate, maana ndio madereva wa kesho. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwa magari yetu makubwa, gari husogea meta 1,333 kila dakika. Gawanya kwa 3.28, utapata mizunguko 406 na nusu ya gurudumu. Zidisha kwa uwiano wa 3.42, na ikiwa gia ya juu kabisa ya giaboksi ni moja kwa moja, injini itazunguka mara 1,390 kwa dakika. Badili difu iwe ya 4.11, injini itazunguka mara 1,670 kwa mwendo ule ule, mzigo ule ule, barabara ile ile.

Injini nyingi za malori makubwa ya miaka ya karibuni hufanya kazi nyingi kwa mafuta machache zinapokuwa kati ya mizunguko 1,100 na 1,400. Zikizidi hapo, sehemu ya dizeli huliwa na msuguano wa pistoni na uendeshaji wa pampu za maji na oili, wala haifiki barabarani. Kanuni wanayoitumia wajuzi wa injini ni kwamba kila mizunguko 100 inayozidi bila ya haja hugharimu kama asilimia 1 ya mafuta, na pengine zaidi kidogo. Basi ile tofauti ya mizunguko 280 ni kama asilimia 3.

Nasikia mtu akisema, asilimia 3 ni nini? Kutoka Dar es Salaam mpaka Tunduma ni kilomita zipatazo 930, yaani kwenda na kurudi 1,860. Tuchukue kwamba lori, kwa wastani wa kwenda na shehena na kurudi, linakwenda kilomita 2 kwa lita. Safari moja ni lita 930, na asilimia 3 yake ni lita 28. Kwa safari 24 za mwaka ni lita 670. Mwenye malori 50 amepoteza zaidi ya lita 33,000, na huyo ndiye anayemnyima dereva wake posho ya kulala Makambako. Naye ndiye mteja mkubwa wa vile vichupa vya dawa ya kuongeza nguvu ya dizeli vinavyouzwa kando ya barabara.

Lakini msije mkatoka hapa mkidhani kwamba dawa ni kutafuta difu ndogo kuliko zote. Hapo ndipo penye kosa la pili, nalo siku hizi limeenea zaidi kuliko lile la kwanza. Vichwa vingi vya lori tunavyovinunua vikiwa vimetumika Ulaya vilitengenezwa kwa ajili ya barabara pana za huko, kwa uzito wa kawaida wa tani 40, kwa mwendo wa kilomita 80 na zaidi usiokatika kwa saa nyingi. Difu zake huwa za mbio kabisa, mathalani 2.59, nazo zimefungiwa tairi fupi la 315/70. Kule mahesabu yanakubaliana. Kichwa hicho kikifika kwetu tunakifunga tela, nasi Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaturuhusu kufikia tani 56. Kisha yale matairi mafupi yakiisha tunaweka 315/80, kwa sababu ndiyo yanayopatikana kila mji.

Matokeo yake ni nini? Kwenye kilomita 70 kwa saa, ambao ndio mwendo wa kweli wa lori lenye shehena katika sehemu nyingi za njia yetu, gia ya juu itaizungusha injini mara 920 tu. Haiwezi kuvuta tani 56 kwa mizunguko hiyo. Dereva hushusha gia, na akikutana na kilima kidogo hushusha tena. Gia ya juu imekuwa pambo. Imelipiwa na haitumiki. Na pale Kitonga, gari likianza kupanda kutoka bonde la Ruaha kuelekea Ilula, gia ya chini kabisa nayo imekuwa ndefu mno. Ikiwa msongamano umelisimamisha lori katikati ya mlima, dereva ataliondoa kwa kuiunguza klachi. Bei ya klachi moja inanunua dizeli ya safari nzima. Katika kuteremka, difu ya mbio huipunguzia injini uwezo wa kulizuia gari, na breki za magurudumu ndizo zinazobeba mzigo wote. Wanaofahamu kona za Kitonga na mteremko wa Iwambi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Basi kwa maoni yangu, kwa lori la tani 56 katika njia ya Tunduma, lenye injini ya kawaida na tairi la 315/80, uwiano ulio kati ya 3.08 na 3.42 ndio wenye busara. Huu wa 3.08 utaipa injini mizunguko 1,252 kwenye kilomita 80, na 1,096 kwenye kilomita 70. Anayetaka difu ndogo zaidi ahakikishe kwanza kwamba injini yake imetengenezwa kutoa nguvu kamili katika mizunguko ya chini. Magari ya kubeba kokoto na mawe ni habari nyingine. Hayo yana gia za nyongeza ndani ya habu, na uwiano wake wote huweza kuzidi 5. Yaacheni machimboni; atakayelivutisha tela mpaka Tunduma analichosha bure.

Ndugu zangu, nimesema habari ya fedha. Sasa nataka kusema habari ya haki, maana hii ndiyo iliyonifanya nikubali kuja.

Spidomita haiioni barabara. Huhesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi, kisha huigeuza kuwa kilomita kwa kufuata kipimo cha tairi na difu kilichowekwa ndani yake. Ukibadili tairi kutoka 315/70 hadi 315/80 bila ya kurekebisha kipimo hicho, gari husogea asilimia 6 zaidi ya inavyoandikwa. Dereva akiona 80, kwa kweli yuko 85. Tochi ya askari ikimnasa ataapa kwamba hakuzidisha, naye atakuwa anasema kweli, na faini atalipa.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Gari limekwenda Tunduma na kurudi, kilomita 1,860, na limetumia lita 930. Spidomita imeandika kilomita 1,752. Mhasibu anagawanya kwa 2, anapata lita 876, na anauliza: lita 54 ziko wapi? Hapo hakuna anayekumbuka kwamba mwezi uliopita yalinunuliwa matairi marefu. Jibu huwa tayari mdomoni: dereva ameuza mafuta. Mshahara hukatwa, au kazi huisha. Sikatai kwamba wapo madereva wanaouza mafuta. Wapo, na tunawajua, na vibanda wanavyouzia tunavijua. Lakini mwizi ashikwe kwa ushahidi, siyo kwa kipimo kibovu. Na mkumbuke kwamba kipimo hicho hicho kinaweza kumficha mwizi wa kweli. Gari lililobadilishwa difu kutoka 3.42 hadi 4.11 huandika kilomita kwa asilimia 20 zaidi ya zile lilizokwenda, na ndani ya asilimia hizo 20 mapipa huweza kupita mchana kweupe.

Naviomba vyama vya madereva vilishike jambo hili. Kabla ya dereva kukatwa hata shilingi moja kwa ajili ya mafuta, kadi ya gari iwe na mambo matatu: uwiano wa difu, ukubwa wa tairi lililofungwa, na tarehe ambayo spidomita ilipimwa mara ya mwisho. Mwenye gari asiyekuwa na kadi hiyo hana hesabu ya kumdai mtu. Vyuo vyetu vya ufundi, VETA pamoja na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, vinao walimu wa kutosha wa kuifundisha kazi hii kwa siku moja.

Mafundi, nanyi mjihadhari na matairi yaliyofungwa mawili mawili. Tairi jipya na lililokwisha hutofautiana kwa kimo kiasi cha sentimeta 3. Yakifungwa pamoja, moja huburuta jingine, na mpira unaoachwa barabarani umesukumwa na dizeli.

Kibandiko cha uwiano kikiwa kimeng'oka kwenye difu, mtu asikisie. Kwa gari lenye ekseli moja inayovuta, zuieni kwanza magurudumu yote mengine kwa vizuizi imara, mbele na nyuma, ndipo muinue upande mmoja wa ekseli ya nyuma kwa jeki na kuweka stendi chini yake. Gia iwe huru, breki ya mkono iachiwe, na kifungio cha difu kiwe kimefunguliwa. Tieni alama ya chaki kwenye gurudumu lililo juu na kwenye propela. Mmoja azungushe gurudumu mara 2 kamili. Kwa kuwa lile la upande wa pili limesimama chini, krauni itakuwa imezunguka mara 1. Mwingine ahesabu propela: ikizunguka mara 3 na karibu nusu, ni 3.42, ikizidi 4 kidogo, ni 4.11. Tairi nalo lipimwe likiwa na mzigo, kwa kulitia chaki, kulisogeza gari mizunguko 5, kupima ardhi kwa utepe na kugawanya kwa 5.

Ndugu Mwenyekiti, nimeonyeshwa kwamba hapo uwanjani lipo lori moja ambalo mwenyewe amekiri hajui uwiano wa difu yake. Jeki ipo na chaki ninayo. Kwa ruhusa yako, twende tukalihesabu.