Kiinua Mgongo na Mgongo Wenyewe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Mombasa)



Kila tukutanapo hunena habari za mishahara na kiinua mgongo. Leo twapenda kunena habari za mgongo wenyewe. Mtaji wa maskini ni nguvu zake, na sisi wa reli, wenye kunyanyua mataruma, twalijua neno hili.

Madaktari hutufundisha kwamba misuli ya mwanamume huanza kupungua apitapo miaka 30. Kila miaka 10 hupungua kadiri ya sehemu 3 mpaka 8 katika 100, na baada ya miaka 60 hupungua kwa haraka zaidi. Basi jambo hili si la wazee peke yao. Hata sisi wa miaka thelathini na kitu limekwisha kutuanza.

Tazameni kosa letu. Kazi za mtu zipunguapo, wali, ugali na sukari hupasa kupungua pia. Lakini chakula cha kujenga mwili hakifai kupunguzwa kamwe. Sisi twafanya kinyume. Asubuhi chai tamu na mahamri, mchana ugali mwingi na kitoweo kidogo, jioni kahawa na halua barazani Mji wa Kale mpaka usiku. Na mzee aliyetokwa na meno huishia chai na mkate: tumbo limejaa, miguu yakonda.

Dawa yake haina gharama kubwa. Marikiti kuna dagaa, kunde, maharagwe na mayai. Mbaazi za nazi twazila tayari, basi tuzidishe mbaazi, tupunguze mahamri. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Tena chakula pasipo kutumia viungo hakitoshi. Tutembee kwa miguu, na tujipime hivi: keti kitini, mikono kifuani, usimame na kuketi mara 5. Ikizidi sekunde 15, miguu imeanza kulegea.

Mzee mmoja wa gengi letu alipostaafu alipewa kiinua mgongo chake chote. Leo hainuki barazani mpaka ashikwe mkono.

Kwa hiyo twaiomba kamati iongeze katika madai yetu saa kamili ya chakula cha mchana, maana mwenye dakika chache hula andazi akiwa amesimama. Nasi wenyewe tuanze leo nyumbani.