Mkaguzi wa Majumba na Sisi Tunaoyajenga

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa kazi za ujenzi)



Tangu tarehe 1 Machi 2025 nchi yetu ina Kanuni mpya za Ujenzi. Zile za zamani zilikuwa za mwaka 1968; fundi aliyezaliwa mwaka huo amekwisha kuwa babu. Twazipokea kwa furaha. Lakini kanuni haipandi ngazi kutazama slabu.

Mnakumbuka Januari 2006, katikati ya Nairobi, jengo la ghorofa lilipoanguka mafundi na vibarua wakiwa ndani kazini. Mnakumbuka Huruma, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, watu zaidi ya 40 wakafa. Jengo lile la Huruma lilikuwa limekwisha kusemwa kwamba halifai kukaliwa, na bado wapangaji walikuwamo. Sheria ilikuwako. Wa kuishika ndiye aliyekosekana.

Sasa tuseme juu ya mkaguzi. Mhandisi anayetia sahihi huajiriwa na mwenye jengo, na si rahisi kumwambia anayekulipa kwamba kazi yake isimame. Mkaguzi wa Serikali naye akija, nyapara humpokea langoni, wakaingia ofisini, chai ikaletwa. Sisi tuko juu na karai kichwani, hakuna anayetuuliza neno. Nasi ndio tunaojua simiti iliyoingia ni mifuko mingapi! Vile vipande vya zege vya kupimwa siku ya 7 na ya 28, twajua mahali ambapo vilifanywa kwa mchanganyiko mzuri, na slabu ikamiminwa kwa mwingine. Twajua mbao zilizotolewa chini ya slabu kabla haijakaza, kwa kuwa zatakiwa ghorofa ya juu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa na amwambie msimamizi wake, wala asilazimishwe kurudi pale mpaka hatari iondolewe. Yakataza pia mtu kufukuzwa kwa sababu ya kulalamika. Ni maneno mema, lakini kibarua wa siku hafukuzwi. Haitwi tu kesho yake.

Kwa hiyo Kamati yetu imeona hivi. Malalamiko yasipelekwe tena na mtu mmoja kwa jina lake. Yaandikwe kwa jina la chama. Na twaitaka Serikali iagize kwamba mkaguzi asiondoke kazini kabla ya kuonana na mjumbe wa wafanya kazi, bila nyapara kuwapo.

Mahali ambapo hakuna mjumbe, chagueni mmoja juma hili. Karani yuko mlangoni na daftari. Mpeni jina la mtu wenu na la mtaa mnakojenga kabla hamjatoka.