Safari ya Kwanza ya Familia Kisiwani: Panga Afya Kabla ya Kulipa

Mimi ni muuguzi wa jamii katika nyanda za juu. Leo hatuzungumzii ugonjwa peke yake. Tunazungumzia jambo la furaha, yaani safari ya kwanza ya familia kwenda kisiwani.

Siku hizi akina mama wengi wanaweka akiba katika chama ili watoto waone bahari. Ukiweka shilingi 500 kila wiki kwa wiki 40, utakuwa na shilingi 20,000. Ni jambo jema. Mtoto wa Limuru, Nyahururu au Ol Kalou akiona mashua na mnazi kwa mara ya kwanza, hatasahau. Lakini wengi wetu hupanga nauli, chumba na nguo, na afya tunaikumbuka tukiwa tayari ndani ya basi. Leo nataka tuanze na afya. Nitachukua mfano wa kisiwa cha Lamu, kwa sababu ni chetu, hakihitaji pasipoti, na mji wake wa kale uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001.

Kwanza, kwa nini mtoto wa nyanda za juu anahitaji uangalifu zaidi? Huku kwetu kwenye baridi, malaria ni chache. Pwani ipo. Mtoto anayekulia Pwani huumwa na mbu mara kwa mara, na polepole mwili wake hujifunza kupigana na malaria. Mtoto wako hajajifunza. Hata wewe mama, kama umeishi huku maisha yako yote, mwili wako ni mgeni. Malaria ikiwapata, inaweza kuwalemea upesi na kuleta degedege, upungufu wa damu, hata kifo. Na usidhani mtoto wako ana chanjo ya malaria. Chanjo hiyo ilipoanza kutolewa hapa Kenya mwaka 2019, ilianzia kaunti za eneo la ziwa. Fungua kijitabu cha mama na mtoto uangalie amepata nini na amekosa nini.

Sasa tuje kwenye kupanga. Chagua wakati. Mvua ndefu huanza Machi na kuendelea hadi Mei, kwa hivyo likizo ya Aprili huwa na mvua na mbu. Mwezi wa Agosti upepo wa kusi bado unavuma, kuna ubaridi kidogo, lakini bahari huwa na mawimbi. Desemba upepo ni wa kaskazi na joto ni kali, na bei za vyumba hupanda kwa sababu kila mtu anasafiri. Kama una mtoto mchanga au una mimba, fikiria jambo hili kabla ya kuchagua tarehe. Mama mwenye mimba aende kliniki kwanza. Ukitaka kwenda kwa ndege, ujue kwamba mashirika mengi hudai barua ya daktari mimba ikifika wiki 28.

Baada ya tarehe, angalia njia. Unaweza kushuka kwa gari moshi au basi hadi Mombasa, kisha upande basi la kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe. Hapo unaingia boti kuvuka hadi kisiwani. Ukienda kwa ndege, utatua kisiwa cha Manda, na bado utavuka kwa boti. Barabara ya kutoka Garsen hadi Lamu imewahi kushambuliwa, hasa kuanzia mwaka 2014. Uliza hali ya usalama kabla ya kulipa, na usafiri mchana. Panga pia kufika Mokowe jua likiwa bado juu. Kuvuka maji gizani na watoto waliochoka si jambo la kufanya.

Kabla ya kutuma pesa ya chumba kwa simu, piga simu na uzungumze na mwenye nyumba. Muulize maswali haya, na uyaandike kwenye daftari.

Je, kila kitanda kina neti, pamoja na kitanda cha mtoto? Je, neti hizo ni nzima? Akisitasita, beba zenu. Neti yenye dawa hukunjika ikaingia kwenye mfuko mdogo.

Je, maji ya kunywa yanatoka wapi? Yakiwa ya kisima, ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa.

Je, ngazi zikoje, na paa lina ukuta wa kuzuia mtoto asianguke? Swali hili wengi hawalijui. Nyumba nyingi za Lamu ni ndefu kwenda juu, ngazi zake ni za mwinuko mkali, na juu kuna dari bapa ambapo watu hupumzika jioni. Ni pazuri sana, lakini mtoto wa miaka miwili hapaswi kuachwa hapo hata dakika moja.

Je, hospitali au zahanati ya karibu iko wapi, na usiku mtu hufikaje? Katika mji wa kale karibu hakuna magari. Watu hutembea kwa miguu, hupanda punda au boti. Jua njia kabla hujaihitaji.

Mtu anayekataa kujibu maswali haya na kukuharakisha utume pesa, mwache. Tafuta mwingine.

Mwezi mmoja kabla ya safari, nenda kliniki. Mwambie muuguzi au daktari, "Tunakwenda Pwani, tunatoka nyanda za juu." Atakueleza kama mnafaa kumeza dawa ya kukinga malaria. Dawa hizi ni za aina mbalimbali. Kuna inayoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, na kuna inayoanzwa wiki mbili au tatu kabla. Zote huendelea kwa muda baada ya kurudi. Nyingine hazifai watoto wadogo au mama mwenye mimba, kwa hivyo usinunue kwa kuambiwa na jirani. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu asiende bila kuonwa na daktari. Hakikisha pia kwamba familia imesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024, na kwamba majina ya watoto yamo.

Na wewe uliyeamua kuvuka mpaka hadi Unguja, uliza mapema juu ya cheti cha homa ya manjano. Wasafiri wanaotoka Kenya hudaiwa cheti hicho Tanzania. Chanjo huhesabiwa kuwa inafanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hivyo ukienda kuchanjwa jana ya safari umechelewa.

Mfuko wa dawa uwe na nini? Weka paketi za ORS, vidonge vya zinki, paracetamol, kipimajoto, plasta, dawa ya kutia kwenye maji, mafuta ya kufukuza mbu, na dawa yoyote ambayo mtoto anatumia kila siku. Mfuko huu ukae mikononi mwako, usiwekwe chini ya basi.

Mkifika, yako mambo matano ya kushika.

La kwanza ni mbu. Mbu wa malaria huuma usiku. Jua likizama, wavishe watoto mikono mirefu, na walale ndani ya neti. Lakini Pwani kuna pia mbu wa mchana, anayeeneza dengue na chikungunya. Mwaka 2004 chikungunya ilienea Lamu hata ikakadiriwa kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Mbu huyo alizaliana katika maji yaliyohifadhiwa majumbani wakati wa ukame. Kwa hivyo funika ndoo na mapipa, na mtoto akilala mchana alale pia ndani ya neti.

La pili ni maji ya bahari. Mtoto anayezama hapigi kelele. Huzama kimya, na mara nyingi watu wako karibu. Akiwa majini, mtu mzima mmoja awe karibu naye kiasi cha kumfikia kwa mkono, na simu iwekwe kando. Katika boti, kila mtoto avae jaketi la kuelea linalomtosha. La mtu mzima humtoka mtoto. Kama nahodha hana, ngojeni boti nyingine.

La tatu ni jua. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, wawe kivulini. Kofia na shati jepesi ni kinga nzuri.

La nne ni kinywaji. Wape watoto maji safi mara kwa mara. Lakini mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu. Usimpe maji hata kukiwa na joto namna gani. Maziwa yako yana maji ya kumtosha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki, endelea kumlisha, na umpeleke hospitali akiwa na damu kwenye choo, akitapika kila kitu, au akilegea.

La tano ni punda. Vichochoro ni vyembamba, na punda hupita na mizigo. Mshike mtoto mkono, na asisimame nyuma ya mnyama.

Sasa mama, sikiliza kwa makini, kwa sababu hapa ndipo watoto hupotea. Safari haiishi siku mnayorudi nyumbani. Mbu akimuuma mtoto leo, kwa kawaida malaria hujitokeza kati ya siku 7 na siku 30, na mara nyingine baadaye zaidi. Kama mlikaa wiki moja, ugonjwa utaanza mkiwa tayari nyumbani. Shule zimefunguliwa, kuna baridi, na kila mtoto ana mafua. Homa ikija, utasema ni mafua. Jirani atasema ni meno. Hata mhudumu wa afya, akiwa huku ambako malaria ni chache, anaweza asiifikirie.

Mtoto wa namna hiyo anaweza kupewa dawa ya mafua siku tatu, nne, hadi ashikwe na degedege usiku. Na kumbe kipimo cha malaria kinahitaji tone moja la damu kutoka kidoleni, na majibu hutoka katika dakika 15 hadi 20.

Kwa hivyo, mtu yeyote katika familia akipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya safari, afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukifika, sema maneno haya kabla hata hujaulizwa: "Tulikuwa Pwani. Naomba apimwe malaria." Ukinyamaza, hakuna atakayejua. Kama kipimo cha kwanza hakionyeshi malaria na homa inaendelea, rudi apimwe tena. Akipewa dawa, amalize zote, hata akianza kucheza siku ya pili. Kabla ya kupimwa, homa itulize kwa paracetamol. Usimpe aspirini wala ibuprofen, kwa sababu kama ni dengue zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Andika tarehe mliyorudi kwenye kalenda ya ukutani, uhesabu miezi mitatu, uweke alama. Mwambie na yaya, nyanya, na mwalimu wa darasa. Mtoto akipata homa wewe ukiwa kazini au sokoni, wao ndio watakaoiona kwanza.

Haya yote hayakusudiwi kukutisha. Watoto wa Pwani huishi huko, huogelea na hukua. Nenda, mama. Waonyeshe watoto mashua zikirudi jioni. Lakini neti iende nanyi, na mkirudi, kalenda iwe na alama.

Nawatakia safari njema. Tukutane katika mazungumzo yajayo. Kwaherini.