Waini Si Pombe? Vile Tunavyouziwa Chupa Dandora

(Haya ni mazungumzo na vijana wa mtaa baada ya Isha. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)



Shukran ndugu zangu na dada zangu kwa kubaki. Najua wengine mmeona posta mkasema leo ni mawaidha ya pombe. Hapana. Hukumu ya pombe mnaijua tangu madrasa, na mashekhe wetu wanaieleza vizuri kuliko mimi. Leo nataka tumwongelee mtu mwingine kabisa, yaani yule anayeuza. Miaka yote tumemhutubia mnywaji. Muuzaji hatujamsoma hata ukurasa mmoja, na yeye ametusoma kitabu kizima.

Wacha nianze mbali kidogo, kisha tutarudi Phase 4.

Miaka ya tisini huko Uingereza, watafiti wa chuo kikuu cha Leicester waliingia supamaketi wakapanga waini ya Ufaransa na ya Ujerumani kwenye rafu moja, bei zikikaribiana na utamu ukikaribiana. Juu ya rafu wakaweka spika. Siku moja inalia muziki wa Kifaransa, siku inayofuata muziki wa Kijerumani, wiki mbili hivyo. Siku za Kifaransa, waini ya Ufaransa iliiacha ile ya Ujerumani mbali sana. Siku za Kijerumani, Ujerumani ikaongoza. Sasa sikilizeni hapa. Wanunuzi walipoulizwa kama muziki uliwachagulia, wachache sana walikubali. Wengi walisema walichagua wenyewe.

Mwaka 2008 wengine kule California wakawalaza watu 20 kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo, wakawaonjesha waini kwa mrija. Wakaambiwa bei ya kila moja. Kumbe waini ya dola 90 ilipita mara mbili, mara moja ikiitwa ya dola 90 na mara nyingine ikiitwa ya dola 10. Ni ile ile. Watu walisema ya dola 90 ni tamu zaidi, na hata sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliamka zaidi. Hawakuwa wanadanganya. Bei ilikuwa imeingia mdomoni kabla ya kinywaji.

Nimeleta hizi mbili kwa sababu moja. Sisi tunaamini kijana anaingia kwenye ulevi kwa sababu ameamua, au kwa sababu imani yake imelegea. Kuna wakati ni kweli. Lakini kuna kazi kubwa inafanyika kabla ya huo uamuzi, na inafanywa na watu wenye mshahara, wenye digrii, ambao kila asubuhi wanaamka kufikiria mfuko wako una shilingi ngapi.

Huku kwetu hakuna mtu anauziwa waini ya dola 90. Huku bei inafanya kazi kinyume: inashushwa mpaka iwe saizi ya kibarua cha siku moja. Wazee hapa wanakumbuka kumi kumi. Jina lake lilikuwa bei yake, shilingi kumi glasi. Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 100 upande wa Mukuru na vitongoji vya karibu, na wengine wakapofuka macho. Fikiria bidhaa ambayo tangazo lake lote ni sarafu moja.

Sasa, kampuni kubwa zikaona hiyo soko. Mwaka 2004 East African Breweries wakaleta Senator Keg. Haina chupa, haina lebo, inakuja kwa pipa inamiminwa kwa glasi, na serikali ikaipunguzia ushuru ili ishindane na chang'aa. Hoja ilikuwa ya afya: mtu wa kipato cha chini apate kitu safi. Mtaani ikabatizwa Obama, maana Obama wakati huo alikuwa seneta. Kampuni haikulipa hata ndururu kwa hilo jina. Sisi wenyewe ndio tuliitangaza.

Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ule ushuru. Glasi ikapanda bei, mauzo ya keg yakaanguka vibaya. Mei 2014, pombe haramu yenye methanoli ikaua watu wengi tena, Embu, Kiambu na kwingineko. Mwaka 2015 keg ikarudishiwa nafuu kubwa ya ushuru, na wanywaji wakarudi.

Mimi hiyo historia huniuma kichwa. Kati ya 2013 na 2015 mawaidha hayakubadilika. Makanisa yalihubiri vile vile, misikiti vile vile. Kilichosogea ni shilingi chache kwenye glasi, na maelfu ya watu wakahama, wengine wakahamia kaburini. Kwa hivyo mtu akiniambia bei ni jambo dogo, ati shida ni tabia ya vijana wa ghetto, namuuliza 2014 ilikuwa nini.

Bei ni mguu mmoja. Mguu wa pili ni jina. Kenya Breweries ilianzishwa 1922 na walowezi. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, akauawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikaitwa Tusker, tembo mwenye pembe. (Kiswahili kilikuwa kimeshafika huko kabla yao: tembo ni mnyama, na tembo ni pombe ya mnazi. Watu wa Pwani mnacheka, mnajua.) Bia ya walowezi, ambayo kwa miaka mingi sheria ya ukoloni haikumruhusu Mwafrika hata kuinywa, baadaye ikatuuzia maneno “Bia yangu, nchi yangu”. Pilsner ikaja na “Imara kama simba”. Guinness wakaunda jamaa anaitwa Michael Power, mwandishi wa habari shujaa, kwenye matangazo na mpaka kwenye filamu, na watu wengi Afrika walimjua kama mtu halisi. Hebu niambieni, kati ya hayo yote, ni wapi ladha imetajwa? Unauziwa nchi. Unauziwa uanaume na ushujaa. Kijana wa Dandora ambaye hana kitambulisho, anayesimamishwa na polisi kila wiki aulizwe yeye ni wa wapi, anaambiwa na chupa kwamba hii ni nchi yako. Hilo linauma kwa sababu sisi, kama jamii, ni mara ngapi tumemwambia hivyo?

Tuje kwa dada zetu, ingawa mabrother pia wamo.

Kuna msemo sasa hivi: “waini si pombe”. Utausikia birthday, utausikia picnic, utauona kwenye status, glasi yenye kitu cha pinki na maua pembeni. Mwanzoni soko la waini huku lilikuwa gumu. Waini ya kawaida ni kali, ina ugwadu, mtu aliyezoea soda ataitema. Kwa hivyo zikaja tamu, nyingi kutoka Afrika Kusini, chupa nyepesi, majina rahisi kutamka. Utamu ndio mlango. Ukionja kitu kikafanana na Ribena, akili haikupigii kengele ya hatari.

Sasa toeni simu tupige hesabu. Chupa nyingi za waini tamu zimeandikwa karibu asilimia 8. Tusker ni asilimia 4.2. Chupa ya waini ni mililita 750: asilimia 8 ya hiyo ni mililita 60 za kileo kitupu. Tusker ya nusu lita ni mililita 21. Kwa hivyo dada aliyemaliza chupa moja ya “si pombe” amekunywa karibu Tusker tatu. Angeletewa Tusker tatu mezani angekimbia. Hajakunywa kidogo. Amepewa picha tofauti tu.

Hata rangi inatudanganya. Mwaka 2001 kule Bordeaux, Ufaransa, ambako waini ni kama chai kwetu, wanafunzi 54 wa somo la waini walipewa waini nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaielezea kwa maneno ya waini nyekundu. Na hawa ni watu wanaoisomea! Wewe na mimi je?

Kitu kingine ambacho hakiko kwenye bango lolote ni mchango. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile inaitwa ya Mututho, ilipiga marufuku sacheti, na spiriti isiuzwe kwa chupa chini ya mililita 250. Tanzania walifuata 2017 kwa viroba, Uganda 2019. Ilikuwa hatua nzuri sana, kwa sababu sacheti ilikuwa inaingia mfuko wa yunifomu ya shule. Lakini base ikapata njia yake: mzinga mmoja, watu sita, kila mtu anatoa kidogo. Hapo pombe haiwi tena yako, ni ya kundi. Kukataa si kukataa kinywaji, ni kukataa marafiki. Na ndugu yangu Muislamu ambaye hanywi, unajua unaambiwa nini? “Sawa buda, wewe leta soda ya kuchanganyia.” Unacheka, lakini hiyo ni kazi umepewa. Umekuwa sehemu ya bei.

Hapa Dandora tuna somo ambalo Leicester hawana. Nendeni dampo mkawaulize wale wanaookota chupa. Chupa iliyovunjika inauzwa kama kioo. Chupa nzima ya spiriti, lebo yake haijachubuka na kifuniko kipo, ina mnunuzi wake, na si kila mnunuzi anataka kuweka maua. Watu wa pombe feki wanalipia jina. Kinywaji kiliisha kitambo, kimebaki kile hasa kilichokuwa kinauzwa. Ndiyo maana KRA wanabandika stempu za ushuru na wakatoa programu ya Soma Label ya kuskani kwa simu.

Sasa mtaniuliza: wewe umetuweka hapa mpaka saa hii, tufanye nini? Kususia? Sisi hatununui tayari.

Ukirudi kwa ile supamaketi, hakuna mtu alishinda muziki kwa kuwa na nia njema. Njia ya kuubadilisha ilikuwa kugusa spika. Kwa hivyo mimi sitaki tuishie kuwaambia wadogo zetu wawe na nguvu. Nataka tuangalie nani ameweka spika, na wapi. Na hapo sheria iko upande wetu kuliko tunavyojua.

Ile sheria ya 2010 inasema baa iwe angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, msingi, sekondari, au taasisi nyingine ya kufundishia walio chini ya miaka 18. Someni hayo maneno ya mwisho pole pole. Madrasa ya watoto inafundisha nani, wazee? Kwa maoni yangu sisi tumo ndani ya hiyo sheria, na nataka tuidai hivyo mbele ya kamati. Sheria pia ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi. Tembeeni korti zetu saa tatu asubuhi mnieleze mmeona nini. Leseni za vileo, tangu Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Ina maana anayeamua si waziri wa mbali, ni kamati ya hapa Nairobi, na mkazi ana haki ya kuweka pingamizi kwa maandishi leseni inapoombwa. Wangapi hapa wamewahi kuweka? Naona hakuna mkono.

Mwaka jana mlisikia kelele za miaka 21. Hiyo ni sera iliyozinduliwa Julai 2025, inapendekeza umri upande kutoka 18, mauzo ya mtandaoni na kuletewa nyumbani yazuiwe, na mastaa wasitumike kutangaza. Sera si sheria. Msimwambie mwenye duka “umevunja sheria ya 21”, atawacheka na atakuwa na haki. Tumieni ile iliyopo.

Kitu kimoja kabla sijafunga. Huyo mama au kijana anayeuza kwenye kadirisha chenye grili si adui. Wengi wao wanalipa kodi ya duka na karo kwa hiyo biashara, na wengine ni majirani wanaotuletea futari Ramadhani. Hatuendi kuvunja kitu, hatuendi kupiga mtu picha za kumuaibisha. Tunaenda kupima.

Jumamosi baada ya Asr tutaanza kwa geti la madrasa, kisha shule mbili za karibu, tuandike kila duka la wines and spirits ndani ya mita 300, leseni imebandikwa ukutani au haipo, na linafunguliwa saa ngapi. Karatasi nitaleta mimi. Dada wawili wataandika, ndugu wawili watashika kamba. Kuna mtu hapa wa mjengo mwenye ile tepu ndefu, ya mita 50? Tuonane hapo kwa viatu.