Simu Ikikwambia Muunganisho Si Salama, Soma Kwanza



Wengi mliomba mazungumzo haya yawekwe kwa maandishi ili muyasome polepole, simu mkononi. Basi haya hapa.

Mada yenyewe ni ndogo lakini inatusumbua sana. Mtu anatuma linki ya habari kwenye grupu la WhatsApp. Kichwa cha habari ni kizito: ardhi, uchaguzi, kijana amekamatwa. Unabonyeza. Badala ya habari unapata pembetatu nyekundu na maneno kwamba muunganisho wako si wa faragha. Hapo sisi hugawanyika makundi matatu. Wa kwanza anarudi kwenye grupu na kusambaza kichwa cha habari ambayo hakuisoma. Wa pili anatafuta palipoandikwa "endelea" na kubonyeza macho yamefungwa. Wa tatu anasoma lile onyo. Leo nataka tutoke hapa sote tukiwa kundi la tatu.

Tuanze na onyo lenyewe. Angalia anwani ya tovuti: mwanzo wake huwa https. Ile herufi ya mwisho, s, ina maana mazungumzo kati ya simu yako na tovuti yamefungwa. Mwenye Wi-Fi anaweza kuona umeenda tovuti gani, lakini haoni umefungua makala ipi, wala hawezi kubadilisha neno hata moja njiani. Kwa mtu anayesoma habari za siasa au za haki, hilo si jambo dogo.

Lakini kabla ya kufunga mazungumzo, simu lazima ijue inaongea na nani. Kwa hiyo tovuti hutoa cheti. Sisi hatuhitaji kufundishwa kitambulisho ni nini, si ndio? Cheti ni hivyo hivyo. Kina jina la tovuti, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na mhuri wa aliyekitoa. Kivinjari chako, yaani Chrome, Firefox au Safari, kinakagua hayo matatu. Kimoja kikikataa, unapata onyo. Simu haijaharibika. Inakwambia, "Huyu anasema yeye ni gazeti, lakini karatasi zake sizielewi."

Sasa, karatasi zinaweza kukataa kwa sababu tano. Tuzipitie kwa mpangilio wa kuzikagua.

Ya kwanza ni saa ya simu yako. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, kwa hiyo ianze. Kwenye ukurasa wa onyo kuna maandishi madogo. Ukiona neno DATE katikati yake, nenda moja kwa moja kwenye tarehe. Simu kuukuu ikiisha chaji kabisa, wakati mwingine saa yake inarudi nyuma miaka. Wengine wanairudisha wenyewe ili wadanganye gemu. Simu ikiamini tuko mwaka 2015, basi cheti cha mwaka huu kwake ni cheti ambacho bado hakijazaliwa. Dalili yake ni kwamba karibu kila tovuti inakataa, sio moja. Fungua mipangilio, tafuta tarehe na saa, washa ile ya kujirekebisha yenyewe kutoka kwa mtandao. Usihangaike sana na kama umeiweka kwa saa za Kiswahili. Tofauti ya saa sita ni nadra kuleta shida. Angalia mwaka na mwezi.

Ya pili ni Wi-Fi. Umeingia Wi-Fi ya hoteli, ya chuo au ya uwanja wa ndege. Mwenyewe anataka kwanza ukubali masharti yake au uweke nambari ya simu. Wewe umeita gazeti, lakini anayeitika ni mwenye hoteli. Kivinjari kinakataa, na kina haki. Dawa ni kuandika neverssl.com kwenye kivinjari. Hiyo ni tovuti iliyotengenezwa makusudi bila kufungwa, ili ule ukurasa wa kuingilia upate nafasi ya kutokea. Ukishakubali masharti, rudi kwenye habari yako. Au zima Wi-Fi utumie bando lako. Jaribio hili la bando lishike vizuri: habari ikifunguka kwa bando na kukataa kwa Wi-Fi, tatizo liko kwenye Wi-Fi. Haliko kwenye simu wala kwenye gazeti.

Ya tatu ni umri wa simu, na hapa nikae kidogo kwa sababu inatugusa. Kila simu hubeba orodha ya mihuri inayoiamini. Orodha hiyo ikizeeka, mihuri mipya haitambuliki, na kwenye onyo utaona neno AUTHORITY. Kuna shirika lisilo la faida la Marekani linaloitwa Let's Encrypt. Linatoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti duniani, na kila cheti chake cha kawaida kimekuwa kikidumu siku 90 tu. Novemba 2020 lilitangaza kwamba simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 haziujui muhuri wake mpya. Wakati huo simu hizo zilikuwa asilimia 33.8 ya Android zote, yaani moja kati ya kila tatu. Likafanya mpango wa kuazima muhuri wa zamani wa kampuni nyingine ili simu hizo zisikatike. Muda wa mpango huo uliisha 30 Septemba 2024.

Sasa jiulize, ni nani anashika simu hizo? Ni mama nyumbani. Ni mzee aliyepewa simu uliyoiacha wewe. Ni kijana wa darasa la nane aliyenunuliwa simu ya mitumba. Hao ndio wanaosoma vichwa vya habari bila kufungua habari, na sio kwa uvivu. Milango imefungwa mbele yao bila mtu kuwaambia kwa nini. Kwa hiyo ukienda nyumbani, chukua simu ya mzee, ingia mipangilio, tafuta pale pa "kuhusu simu", angalia toleo la Android. Kama kuna sasisho, liweke. Kama halipo, jaribu kuweka Firefox ikiwa simu bado inaikubali, maana Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya mihuri. Haitegemei ile ya simu.

Ya nne ni tovuti yenyewe. Magazeti madogo na redio za mitaani zina fundi mmoja, na fundi akisahau, cheti kinaisha muda. Utaona tena neno DATE, lakini safari hii saa yako iko sawa na tovuti nyingine zinafunguka. Au utaona COMMON NAME, maana yake jina kwenye cheti si jina la tovuti uliyoifungua. Mwombe rafiki aliye mtandao mwingine ajaribu. Kama naye imekataa, wewe huna la kurekebisha. Tafuta kichwa kile kile kwenye chombo kingine cha habari, au bandika anwani ya makala kwenye web.archive.org uone kama kuna nakala iliyohifadhiwa. Na uwaandikie wenye tovuti. Mstari mmoja unatosha: "Cheti chenu kimekwisha muda." Mara nyingi hawajui.

Lakini kabla hujawalaumu, soma anwani herufi kwa herufi. Linki za grupu hupenda kufanana na gazeti unalolijua, ila herufi moja imebadilishwa au mwisho wake ni mwingine.

Ya tano ni ile ambayo onyo liliwekwa kwa ajili yake hasa: kuna mtu amesimama katikati. Wengine mtasema hayo ni mambo ya sinema. Hebu sikilizeni.

Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi iliyoitwa DigiNotar, mojawapo ya zile zilizokuwa zinatoa mihuri, ilivamiwa. Wavamizi wakajitengenezea mamia ya vyeti bandia, kikiwemo cha Google. Kwa wiki kadhaa watu waliokuwa Iran walifungua barua pepe zao wakidhani wanaongea na Google, kumbe mazungumzo yanapitia mikononi mwa mtu mwingine. Uchunguzi ulikuta takriban anwani 300,000 za intaneti zilizoguswa, karibu zote za Iran. Na iligundulikaje? Mwishoni mwa Agosti mtumiaji mmoja wa Iran aliona Chrome inampa onyo la cheti. Hakubonyeza "endelea". Aliuliza hadharani: hili onyo ni la nini? Swali lile ndilo lililofichua jambo lote. Mwezi uliofuata DigiNotar ikafilisika.

Mtu mmoja, onyo moja, swali moja.

Na Julai 2019, serikali ya Kazakhstan iliwataka wananchi waweke kwenye simu zao muhuri uliotengenezwa na serikali. Anayemiliki muhuri ulio ndani ya simu yako anaweza kufungua kila kilichofungwa na kukifunga tena, wewe usijue. Agosti mwaka huo huo Google, Mozilla na Apple wakauzuia muhuri ule kwenye vivinjari vyao.

Kwa hiyo kuna mambo matatu nawaomba msifanye, hata mkiwa na haraka namna gani. Usiweke cheti chochote kwenye simu kwa sababu ukurasa wa Wi-Fi au mtu wa saiba amekwambia ndio habari ifunguke. Usiweke neno la siri, nambari ya kitambulisho wala PIN kwenye ukurasa uliotanguliwa na onyo. Na usipakue programu uliyotumiwa kwenye grupu eti "inaondoa kosa la muunganisho". Tovuti nyingine hata hazikupi nafasi ya kuendelea. Zimeagiza kivinjari kisimruhusu mtu kupita bila cheti halali. Usitafute ujanja wa kuruka hapo. Ukuta huo umewekwa kwa faida yako.

Jambo la mwisho, na wengi huligeuza. Onyo likiondoka, haina maana kwamba habari ni ya kweli. Cheti kinasema tu kwamba unaongea na mwenye anwani hiyo na hakuna anayewasikiliza njiani. Tapeli naye anaweza kupata cheti bure, kwa dakika chache, kwa tovuti yake ya utapeli. Ndio maana mwaka 2023 Chrome iliondoa ile alama ya kufuli kwenye anwani, kwa sababu watu walikuwa wakiiona wanadhani tovuti imethibitishwa kuwa njema. Kufuli haikusema hivyo hata siku moja. Kupima ukweli wa habari ni kazi yako: nani ameandika, lini, na nani mwingine ameiripoti.

Basi tufupishe. Ukiona onyo, soma neno lililo ndani yake. Kagua tarehe. Toka kwenye Wi-Fi, jaribu bando. Angalia umri wa simu. Soma anwani herufi kwa herufi. Uliza mtu wa mtandao mwingine. Yote hayo yanachukua dakika tano. Na kama baada ya dakika tano bado haijafunguka, basi wewe hujaisoma habari hiyo, na habari ambayo hujaisoma si yako kuisambaza. Andika kwenye grupu, "Linki hii imenikataa, kuna aliyefanikiwa kuisoma?" Hakuna aibu hapo. Mtumiaji yule wa Iran alianza hivyo hivyo.

Wiki hii nawapa kazi moja. Chukua simu moja ya mtu mzima nyumbani kwenu, baba, mama, shangazi au nyanya, umkagulie tarehe na toleo. Kisha mkae naye afungue habari moja mwanzo hadi mwisho. Tuambieni hapa chini mmekuta nini, na anayekwama aandike neno aliloliona kwenye onyo tusaidiane.