Saa za kazi za daktari tarajali na elimu aipatayo wodini

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa kata



Mgonjwa anayefikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, saa nane za usiku, huenda akapokelewa kwanza na daktari kijana. Huyo ni daktari tarajali. Amekwisha kuhitimu miaka mitano ya chuo kikuu, na sasa anatumikia mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo chini ya uangalizi wa madaktari waliomtangulia.

Kuhusu kijana huyu watu huuliza maswali mawili. Akipunguziwa saa za kazi, elimu yake haitapungua? Na asipopunguziwa, je, mgonjwa yu salama mikononi mwa mtu ambaye hajalala tangu jana? Maswali yote mawili ni ya haki, na yote yanagusa uhai wa watu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, lakini huiacha kando kazi ya dharura isiyoweza kusubiri. Hospitalini dharura haina ratiba, wala uchungu wa uzazi hauangalii saa.

Nchi nyingine zimekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali moja ya New York akihudumiwa na madaktari waliokuwa mafunzoni. Kifo hicho kilizua mjadala mkubwa, na mwaka 1989 jimbo hilo likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki. Mwaka 2003 kikomo hicho kikaenea Marekani nzima. Mwaka uliofuata, utafiti uliofanywa Boston katika wodi za wagonjwa mahututi ulionyesha kuwa watarajali wa zamu ndefu za kimapokeo walifanya makosa makubwa zaidi ya theluthi moja kuliko walipopewa zamu fupi. Uchovu, basi, una madhara.

Na elimu je? Utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2018, ulilinganisha vituo 63 vya mafunzo: vingine vilifupisha zamu, vingine viliruhusu zamu ndefu, vyote ndani ya saa 80 kwa wiki. Alama za mitihani ya madaktari hao hazikutofautiana kwa kiasi cha maana. Kumbe urefu wa zamu peke yake haumpi daktari maarifa, wala ufupi wake haumnyang'anyi.

Hata hivyo, ipo hasara isiyopimwa kwa mtihani. Mtoto mwenye malaria kali hudungwa sindano ya artesunate anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24. Mtarajali aliyempokea usiku akaondoka asubuhi haoni mtoto akifumbua macho, wala haoni dalili ya hatari ikijitokeza mapema. Anajua mwanzo wa ugonjwa asiujue mwisho wake. Tena, kila zamu inapobadilika, habari za mgonjwa zinaweza kupotea njiani.

Dawa ya hasara hiyo ni makabidhiano mazuri, wala si kumkesha kijana siku mbili. Anayetoka na anayeingia wasimame pamoja kando ya kitanda, walisome faili, wataje kilichofanyika na kinachosubiriwa. Daktari mkuu awepo aulizwe na asahihishe. Naye mtarajali akirudi baada ya kupumzika, amfuatilie mgonjwa wake wa jana ajifunze kilichotokea. Akili iliyolala hushika somo.

Mkazi naye ana sehemu yake. Aje na kadi ya kliniki na dawa zote ambazo mgonjwa amekwisha kuzitumia, zikiwemo za dukani na za mitishamba. Asichoke kueleza upya kwa daktari wa zamu mpya, maana huenda akakumbuka alichokisahau usiku. Na zamu inapobadilika, aulize kwa adabu: “Mgonjwa wetu sasa yuko chini ya nani?” Jibu likikosekana, amweleze muuguzi kiongozi wa wodi.

Mkono mmoja haulei mwana. Wala daktari mmoja asiyelala hamponyi mgonjwa peke yake.