MANJANO YA MACHO NI DALILI: TUTAFUTE CHANZO CHAKE

(Maneno ya Kamati ya Afya na Ustawi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Hesabu za fedha mmekwisha kuzisikia kutoka kwa Mtunza Hazina, nasi hatutazirudia. Jambo tulilolichagua ni manjano, yaani hali ya macho na ngozi ya mtu kugeuka rangi ya manjano. Tumelichagua kwa sababu mgonjwa wa namna hii huweza kupotea, si kwa kukosa dawa, bali kwa kupewa dawa ya ugonjwa asio nao, huku ule alio nao ukiendelea kumla ndani.

Shida ya kwanza ni jina. Watu husema kwa urahisi, "Fulani ana homa ya manjano." Jina hilo kwa haki ni la ugonjwa mmoja tu, uletwao na virusi na kuenezwa na mbu, ule uliozuka katika bonde la Kerio mwaka 1992 hadi 1993, na tena Isiolo mwaka 2022. Ugonjwa huo una chanjo yake. Lakini wengi waitwao wenye homa ya manjano hawana ugonjwa huo hata kidogo. Wengine husema safura, jina ambalo pia ni la upungufu wa damu uletwao na minyoo. Basi jina moja hubeba maradhi mengi, na mwenye kulisikia hudhani amekwisha kuujua ugonjwa. Sivyo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Manjano nayo ni wingu. Yatupasa kuuliza mvua yatoka wapi.

Tueleze kwa ufupi jinsi rangi hiyo inavyopatikana. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjika. Katika kuvunjika kwake hutoka taka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Damu huichukua mpaka kwenye ini, ini huitengeneza na kuitoa pamoja na nyongo, nayo nyongo hupita katika mfereji wake mpaka matumboni. Taka hiyo ndiyo inayokipa choo rangi yake ya udongo. Chembe zikivunjika kupita kiasi, au ini likishindwa na kazi, au mfereji ukizibwa, taka hubaki katika damu na kuonekana machoni. Kwa hiyo milango ya manjano ni mitatu: kabla ya ini, ndani ya ini, na baada ya ini. Tiba ya mlango mmoja yaweza kuwa bure, au hata hatari, kwa mlango mwingine.

Katika mlango wa kwanza wamo malaria kali na ugonjwa wa seli mundu, ambao twaujua sana sisi tulio na jamaa pande za Ziwa na Pwani. Mtoto mwenye seli mundu huweza kuwa na macho ya manjano mara kwa mara, na wazazi wakahangaika kutafuta dawa ya ini, hali ini si mwanzo wa taabu yake. Wako pia watu waliozaliwa na upungufu katika chembe zao uitwao G6PD, ambao damu yao huvunjika wakipewa dawa fulani. Mtoto mchanga wa namna hiyo huweza kudhurika hata kwa kuvikwa nguo zilizohifadhiwa pamoja na vidonge vya kufukuzia nondo. Tena, wazee wetu, malaria ikionekana katika damu, isiwe ndio mwisho wa kuuliza. Mtu huweza kuwa na malaria na ugonjwa mwingine pamoja. Akimaliza dawa na macho yakabaki manjano, arudi apimwe upya.

Mlango wa pili ni ini lenyewe. Homa ya ini ya A na ya E hutokana na maji na vyakula vilivyoingiwa na uchafu. Ile ya E ni ya hatari kubwa kwa mama mjamzito, nayo ilizuka katika kambi za wakimbizi za Dadaab mwaka 2012. Ile ya B na ya C hupita katika damu; ya B hupita pia katika kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto katika kuzaa. Mbili hizi huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha zikaacha ini limekakamaa au lina saratani. Ya C sasa yapona kwa vidonge. Ya B ina chanjo, ambayo watoto wachanga wa Kenya wamekuwa wakipewa tangu mwaka 2001. Kwa hiyo wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata.

Lakini si kila ini lililoumia limeumizwa na virusi. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu waliugua manjano na kufa kwa haraka. Wapimaji walipochunguza waliona si homa ya ini ya virusi. Chanzo kilikuwa ndani ya ghala: mahindi yaliyowekwa yangali na unyevu, yakaota ukungu wenye sumukuvu. Kufikia Julai mwaka huo wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na kati yao 125 walikuwa wamekufa. Machakos ilikuwa imepatwa na msiba kama huo mwaka 1981. Tufikiri, ndugu wanachama: kama ingalidhaniwa ni virusi tu, jamaa wangalimwuguza mgonjwa kwa upendo wote, na kila jioni wakampikia ugali wa mahindi yale yale. Moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo.

Ziko na dawa ziumizazo ini. Vidonge vya kutuliza maumivu vya parasetamoli, vikizidi kipimo, huliharibu. Baadhi ya dawa za kifua kikuu nazo huweza kuliumiza. Anayezitumia akiona macho yamegeuka, arudi kliniki siku hiyo hiyo. Na dawa za miti shamba tusizozijua kipimo chake huweza kuongeza moto juu ya moto. Hatusemi haya kwa kuwadharau waganga wetu wa jadi. Twasema kwamba ini lililochoka halifai kutwikwa mzigo mwingine kabla haijajulikana limechoshwa na nini.

Mlango wa tatu ni mfereji uliozibwa. Huzibwa na mawe ya nyongo, na pengine na uvimbe katika kongosho. Dalili zake ni choo kuwa cheupe kama majivu, mkojo kuwa kama chai ya rangi, na mwili kuwasha. Mzee akigeuka manjano bila maumivu wala homa, huku akikonda, watu husema, "Haumwi mahali, ni uzee." Huyo ndiye hasa apaswaye kupelekwa upesi kupigwa picha ya tumbo. Mfereji uliozibwa na jiwe hauzibuliwi kwa glukosi.

Sasa twaomba akina mama na wakunga watusikilize. Watoto wachanga wengi huwa na manjano kidogo katika juma la kwanza, nayo huisha yenyewe. Lakini mtoto akiwa manjano kabla ya kutimiza saa 24, hiyo ni hatari, pengine kwa sababu damu yake na ya mama hazipatani. Akiwa mlegevu, akikataa ziwa, au nyayo zake zikiwa manjano, asikawizwe. Bilirubini ikizidi huingia katika ubongo, na mtoto akipona huweza kuwa kiziwi au kulemaa viungo maisha yake yote. Kwa kuwa ngozi yetu ni nyeusi, rangi hiyo hufichika. Tutazame macho na fizi mchana, penye mwanga. Mwaka 1958 madaktari wa hospitali moja ya Rochford, Uingereza, walitangaza matibabu ya mwanga, baada ya muuguzi wao kutambua kwamba jua lilipunguza manjano ya mtoto. Hata hivyo jua la asubuhi la uani si badala ya taa za hospitali, ambazo nguvu yake imepimwa. Na mtoto aliyepita majuma mawili angali manjano, na choo chake ni cheupe, huenda mfereji wake wa nyongo haukuumbika sawa. Huyo ahitaji kupasuliwa mapema, yafaa kabla ya siku 60.

Liko jambo moja la aibu. Pombe huharibu ini, hilo ni kweli. Lakini wako wenye manjano ambao hawajapata kuonja pombe, nao husengenywa kuwa ni walevi wa siri. Wengine huambiwa wamerogwa. Mtu aliyehukumiwa hivyo hujificha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Tumpeleke kwanza akapimwe, maneno yatangoja.

Kwa hayo, Bwana Mwenyekiti, Kamati yaomba mambo manne.

Kwanza, mfuko wa Chama, ambao hutoa msaada wa maziko, utoe pia nauli na gharama ya vipimo kwa mwanachama au mtoto wake aliyeonekana na manjano. Fedha ya kipimo ni ndogo kuliko fedha ya jeneza.

Pili, ampelekaye mgonjwa awe tayari kujibu: manjano yalianza lini; mkojo na choo ni vya rangi gani; ametumia dawa gani, za duka na za miti; amekula mahindi ya ghala lipi; na ni nani mwingine nyumbani aliyeugua. Naye amwulize mganga wa hospitali swali moja: "Chanzo cha manjano haya ni nini?"

Tatu, kila nyumba ianike mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na kuyaweka ghalani yamekauka kabisa. Yaliyoota ukungu yasiliwe, wala yasipewe mifugo.

Nne, watu wazima waulize hospitalini habari za kupimwa na kuchanjwa homa ya ini ya B.

Hatukusema haya ili mtu ajitibu kwa kusoma kijitabu hiki. Tumesema ili asiwepo mwanachama atakayeridhika na jina la ugonjwa kabla ya kujua chanzo chake. Twaliweka ombi hili mikononi mwa mkutano.